Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua ubao wa kwanza wa kuteleza kwenye wimbi la boti

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Kisumu, Homa Bay, Naivasha au popote karibu na maziwa yetu, ambaye ameuona mchezo wa weiksafi, yaani kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti, kwenye simu au kwa macho yake mwenyewe, akavutiwa, na sasa anataka kutoa pesa kununua ubao bila kujua aanzie wapi. Maswali ni yale yanayorudiwa ufuoni kila mara. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowapotezea watu pesa, na mengine kwa ufupi kwa kuwa hayana mengi.

Mchezo huu unatofautianaje na ule wa kuvutwa kwa kamba?

Katika michezo ya kuvutwa, kamba ndiyo inayombeba mchezaji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika weiksafi kamba ni ya kuamkia tu: mchezaji huinuliwa kutoka majini, husogea taratibu hadi mahali ambapo wimbi linalofuata nyuma ya boti linausukuma ubao wake, kisha huilegeza kamba, huitupa ndani ya boti, na tangu hapo huteleza kwa nguvu ya wimbi peke yake. Boti huenda polepole, kati ya kilomita 16 na 19 kwa saa, na mchezaji huwa karibu nayo sana, kiasi cha mita tatu tu kutoka sehemu ya nyuma. Mambo hayo mawili, yaani kutobebwa na kamba na kuwa karibu na boti, ndiyo yanayoamua karibu kila jibu linalofuata, kwa hiyo ni vyema kuyashika tangu sasa.

Nina rafiki mwenye boti ya injini ya Yamaha inayoning'inia nyuma. Je, tunaweza kuitumia?

Hapana, na katika ukurasa huu wote hili ndilo jibu lisilo na nafasi ya majadiliano. Boti nyingi zinazoegeshwa Dunga, Usenge, Mbita au Port Victoria zina injini za nje, na rafadha yake, ile ambayo mafundi wetu huiita propela, huzunguka nyuma kabisa ya boti. Mchezaji wa weiksafi akianguka huanguka karibu na hapohapo. Boti inayofaa ni ile ambayo injini yake imo ndani na rafadha yake imefichwa chini ya tumbo la boti, mbele ya usukani wa majini, ili pasiwe na chuma kinachozunguka kati ya boti na mtu. Zipo pia boti ambazo rafadha zake zimegeuzwa zikatazama mbele, kama zile za mfumo wa Volvo Penta uitwao Forward Drive, nazo zinakubalika kwa sababu hiyohiyo.

Ninalitaja hili kabla ya kuzungumzia ubao kwa makusudi. Nimekutana na watu wawili walioagiza ubao mzuri kutoka ng'ambo, wakaulipia, wakaupokea, ndipo wakagundua kwamba hakuna boti wanayoijua inayoweza kuutumia. Mmoja ameutundika ukutani sebuleni. Anza na boti: mtafute mwenyewe, mwulize injini imekaa wapi, panda naye siku moja utazame wimbi linaloinuka nyuma, kisha ndipo ufikirie ubao. Mwulize pia kama boti imeandikishwa na kukaguliwa na KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, na kama ina jaketi okozi kwa kila aliyemo.

Jambo jingine la boti linalogusa uhai ni moshi. Injini inayonguruma polepole hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hewa iliyo nyuma ya boti huizungusha hapo mtu anapopenda kukaa na kuning'iniza miguu. Asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwa inafanya kazi, hata kama ni kwa ajili ya picha.

Je, wimbi la boti linahusianaje na ubao nitakaochagua?

Linahusiana moja kwa moja. Wimbi kubwa na lenye nguvu linaweza kuusukuma hata ubao mdogo, lakini wimbi hafifu linahitaji ubao mkubwa unaoelea vizuri. Boti zilizoundwa mahususi kwa mchezo huu, mfano zile za Malibu, MasterCraft na Nautique, huwa na matangi ya maji yanayojazwa ili boti izame zaidi na kulisukuma wimbi juu. Mabaharia wa pwani huuita uzito wa namna hiyo farumi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mfuko wa maji wa lita 300 ni sawa na watu wanne wa kawaida waliokaa mahali pamoja bila kulalamika. Boti ya zamani ya kuvuta watu wa ski ya majini, ambayo ndiyo mtu anaweza kubahatika kuipata huku kwetu, iliundwa kwa lengo la kinyume, yaani kuacha maji yakiwa tambarare nyuma yake, na hata ukiitia farumi wimbi lake hubaki fupi na dogo.

Ongeza hapo mwinuko wa nchi. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Naivasha linakaribia mita 1,900. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi hapa Kisumu na karibu mara mbili ya hapo Naivasha. Boti iliyojazwa farumi na abiria huinuka kwa shida. Nahodha huishia kupunguza mzigo, na mzigo ukipungua wimbi nalo hupungua. Haya yote yanaelekea upande mmoja: mwanafunzi wa huku achague ubao mkubwa kidogo kuliko ule ambao angeshauriwa kuuchukua na muuzaji wa Marekani mwenye boti mpya kando ya nyumba.

Basi ukubwa upi unanifaa?

Uzito wa mwili ndio kipimo cha kwanza, si urefu wako wala umri wako. Kwa anayeanza, nambari zifuatazo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye chini ya kilo 60 atafute ubao wa urefu wa sentimita 130 hadi 140. Mwenye kati ya kilo 60 na 80 atafute wa sentimita 140 hadi 152. Mwenye kati ya kilo 80 na 100 atafute wa sentimita 152 hadi 163, na aliyezidi hapo asinunue ulio chini ya sentimita 163. Kila kampuni ina jedwali lake, na jedwali la ubao unaoutaka ndilo la kufuatwa kwa sababu upana na unene hubadilika kutoka umbo moja hadi jingine.

Kulisoma jedwali nako kuna busara yake. Kampuni ikiandika kwamba ubao unafaa watu wa hadi kilo 80, inamaanisha kwamba mtu wa kilo 80 anayejua kazi anaweza kuutumia nyuma ya boti nzuri, na wala haina maana kwamba mwanafunzi wa kilo 78 atafurahi juu yake. Jiweke katikati ya jedwali au chini kidogo, usijiweke ukingoni. Pia jipime kabla ya kuagiza, kwa mizani ya duka la dawa ikiwa huna nyingine, kwa maana wengi wetu tunataja uzito tuliokuwa nao tulipomaliza shule.

Mbali na urefu, tazama ujazo, ambao kampuni nyingine huutaja kwa lita, na upana wa mkia. Ubao wenye mkia mpana hushikwa na wimbi kwa urahisi zaidi, na hilo ni neema kwa anayeanza. Wenye mkia uliochongoka hugeuka vizuri mikononi mwa mjuzi, lakini hukuacha nyuma ya wimbi ukiwa bado unatafuta mahali pa kuweka mguu. Mwenyewe nilianza na ubao wa sentimita 137 nikiwa na kilo 84, kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu na rangi yake ilinipendeza. Kwa siku nne mfululizo niliachia kamba, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikazama. Siku ya tano mtu aliniazima ubao wa sentimita 160, mzito na mbaya wa sura, nikateleza hadi mikono ikachoka kwa kukosa kazi.

Jambo la mwisho kuhusu ukubwa ni maji yenyewe. Mtu aliyezoea kuteleza baharini Kilifi au Diani atagundua kwamba ubao uleule huzama kidogo zaidi ziwani, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko yasiyo na chumvi kwa karibu asilimia 2.5. Tofauti si kubwa, lakini kwa ubao mdogo huhisika.

Nambari kama 4'8 zina maana gani?

Ni futi nne na inchi nane, yaani sentimita 142. Si futi nne nukta nane. Fundi wa mbao yeyote anaijua tofauti hiyo, lakini wanunuzi wa mtandaoni huikosea, hasa ubao unapoandikwa 4.8 au 5.2. Futi 5 na inchi 2 ni sentimita 157, na hiyo ndiyo nambari ambayo watu wengi wazima wenye mwili wa wastani kwenda juu wangefanya vyema kuanza nayo.

Naweza kutumia ubao wa kuteleza baharini, au ule wa kufungwa miguu?

Ubao wa baharini ni mrefu mno, pua yake imechongoka, na faiba yake mara nyingi ni nyembamba. Ukiwa mita tatu kutoka kwenye boti, pua hiyo huweza kugonga boti au kukugonga wewe. Ule wa kufungwa miguu hauelei vya kutosha, hutegemea kamba ikuvute kwa kasi kubwa zaidi, na kufungwa miguu karibu hivyo na boti ni hatari. Vyote viwili viache. Kamba ya kufunga ubao mguuni, ambayo wachezaji wa baharini hawaachani nayo, nayo haitumiki katika mchezo huu: ubao ukikuponyoka, boti huzunguka na kuufuata.

Kuna mbao za aina mbili. Ninunue ipi?

Aina ya kwanza, inayoitwa ya mtindo wa bahari, ni nene kiasi, ina kingo za mviringo na mapezi matatu au manne ya ukubwa wa kiganja. Hushika wimbi, hukimbia kwa nguvu, na ukisogea nyuma sana kutoka kwenye boti hukupa nafasi ya kurudi. Aina ya pili, ya skimu, ni nyembamba na bapa, ina kingo kali na pezi moja dogo au mawili. Hiyo huteleza kama sabuni juu ya sakafu yenye maji, na ndiyo wanayoitumia wale unaowaona wakizunguka duara zima bila kuanguka.

Ushauri wangu ni aina ya kwanza. Najua wapo walimu wanaopendelea skimu kwa mwanafunzi mwepesi kwa madai kwamba humzoesha kusimama kwa usawa, na kwa mtoto wa kilo 40 aliyecheza skeitibodi mjini huenda wakawa sahihi. Lakini kwa mtu mzima nyuma ya wimbi dogo, pezi dogo ni mateso: ubao humponyoka kwa upande na hajui kosa ni lake au la ubao. Zipo pia mbao za mchanganyiko, zenye umbo la aina ya kwanza na unene wa kati, nazo si chaguo baya ukizipata kwa bei ya haki.

Mapezi mangapi?

Anza na matatu. Pezi la katikati huufanya ubao uende ulikoelekea, na mawili ya pembeni huushikiza kwenye wimbi. Mapezi manne hupendwa kwa mwendo kasi, mawili kwa kugeuka kwa urahisi, lakini tofauti hizo utazihisi baadaye. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba mapezi yawe ya kufunguliwa, ili yasivunjike safarini na ili uweze kununua jingine moja likipotea.

Hapo pana jambo dogo linalochosha watu. Masanduku ya mapezi, yaani matundu ambamo mapezi huchomekwa, ya kampuni za FCS na Futures hufungwa kwa skurubu ndogo za tundu la pembe sita, na kifunguo chake ni cha kipimo cha inchi, 3/32, ambacho ni takriban milimita 2.4. Kifunguo cha milimita 2.5 cha fundi wa baiskeli hakiingii, na kile cha milimita 2 huingia, huzunguka bure na kulila tundu hadi skurubu isitoke tena. Kifunguo kinachokuja na ubao kifunge kwenye pete moja na funguo za nyumba.

Ni mguu upi unaotangulia, na unabadilisha ununuzi?

Mwombe mtu akusukume kidogo kutoka nyuma bila kukuonya: mguu unaotangulia kukuzuia usianguke ndio kwa kawaida utakaokuwa mbele. Anayetanguliza wa kushoto huteleza upande wa kushoto wa boti, na anayetanguliza wa kulia huteleza upande wa kulia, ili kifua chake kilielekee wimbi. Ubao wa kwanza mara nyingi una pande mbili zinazolingana, kwa hiyo haubadiliki. Mwambie nahodha tu, kwa sababu atalazimika kuhamisha farumi au watu waende upande huo.

Ubao umetengenezwa kwa nini, na hilo linanihusu vipi?

Ndani ya mbao nyingi mna povu gumu jeupe la punjepunje, la jamii moja na lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Juu yake huwekwa kitambaa cha faiba kilicholoweshwa gundi ya epoksi, wakati mwingine kikiongezewa nyuzi za kaboni. Mbao za namna hiyo zikitengenezwa kwa mkono ni nyepesi, huitika haraka na huvunjika ovyo. Zile zinazobanwa ndani ya kalibu kwa joto ni nzito kidogo, bei yake ni ya chini, na huvumilia kugongwa na boti, kudondoshwa gatini na kukanyagwa na mtoto wa jirani. Kampuni kama Hyperlite, Liquid Force na Ronix huuza mbao za kubanwa zilizokusudiwa wanaoanza, na hapo ndipo pesa zako ziende. Wepesi wa ubao ni anasa ya mtu ambaye ameacha kuanguka.

Juu, mahali pa miguu, pawe pamebandikwa sponji yenye mikwaruzo. Mbao nyingine huuzwa tupu zikihitaji kupakwa nta, na nta katika joto la Kisumu la saa nane mchana huyeyuka na kukufuata nyumbani kwenye kiti cha gari.

Nikinunua uliotumika, nitazame nini?

Kwanza ulaze juani kwa dakika chache, kisha uupapase wote kwa kidole gumba, ukibonyeza kila baada ya upana wa kiganja, juu na chini. Pazuri panarudisha kidole. Palipooza hubonyea na pengine kutoa sauti ndogo ya kukwaruza, ishara kwamba faiba imeachana na povu, na ubao wa namna hiyo usiununue hata kama unauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Pili, chunguza kuzunguka masanduku ya mapezi, kwa kuwa nyufa nyembamba kama unywele huanzia hapo. Tatu, uutingishe sikioni. Maji yaliyoingia ndani hayatoki yote, na ubao uliokunywa maji huwa mzito upande mmoja na hauendi sawa tena. Mikwaruzo ya juu juu na rangi iliyopauka si kasoro, bali ni sababu ya kuomba punguzo.

Ubao ukipasuka, fundi wa faiba wa hapa mjini anaweza kuutengeneza?

Anaweza, ila ni sharti umwangalie anatia nini. Mafundi wetu wanaoziba bampa za matatu, matangi na boti hutumia gundi ya poliesta, ile yenye harufu kali inayokwaruza koo, ambayo huchanganywa na matone machache ya dawa ya kuigandisha. Gundi hiyo ina staireni, na staireni huyeyusha povu lile jeupe la punjepunje. Nilijifunza hilo kwa ubao wangu wa pili. Ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole karibu na mkia, nikaupeleka kwa fundi mmoja hodari ambaye kazi yake ya boti hakuna wa kuikosoa, naye akamimina gundi akapiga msasa mpaka huoni palipokuwa na ufa. Baada ya siku mbili mahali pale palizama ndani kama embe lililoiva likaachwa juani. Tulipopafungua tulikuta shimo linaloingia ngumi, na kuta zake zimekuwa laini na kunata.

Kwa hiyo nunua epoksi mwenyewe, umpelekee fundi pamoja na ubao, na usimame pale hadi aimalize. Epoksi hukauka taratibu zaidi na hupimwa kwa uwiano kamili ulioandikwa kwenye mkebe, haikadiriwi kwa jicho. Kabla ya hapo ubao ukae kivulini siku kadhaa, ufa ukitazama chini, maji yatoke. Mbao chache zenye povu la poliyurethani, ambalo halina punje na huwa na rangi ya krimu, hukubali poliesta bila shida, lakini kama huna hakika ni povu lipi, tumia epoksi tu kwa maana hiyo haidhuru lolote.

Bei ni kiasi gani, na ushuru je?

Ubao mpya wa anayeanza kwa bei ya Marekani huanzia karibu dola 300, na ule wa mashindano hufika dola 1,000 au kuzidi. Juu ya hapo kuna usafirishaji, ambao kwa kifurushi kirefu unaweza kukushangaza, kisha ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, vyote vikihesabiwa juu ya thamani inayojumuisha usafirishaji. Mwulize wakala wa forodha akupe jumla kabla hujalipa senti moja. Njia iliyowanusuru wengi ni kumwomba ndugu anayerudi kutoka ng'ambo auchukue kama mzigo wa ndege wa vifaa vya michezo, akiuliza kwanza kampuni ya ndege kuhusu urefu unaoruhusiwa. Hapo ubao wa sentimita 157 una faida juu ya ule wa baharini.

Ubao nauhifadhi vipi katika joto letu?

Uweke kivulini na nje ya gari lililofungwa. Hewa iliyo ndani ya povu ikipata moto hutanuka, nayo faiba haitanuki kwa kiasi kilekile, ndipo uvimbe unapotokea. Ubao mweusi ni mbaya zaidi, hivyo chagua rangi ya kung'aa. Mfuko wa kuubebea utengenezewe na fundi cherehani kwa turubai na sponji ya godoro, nao utakugharimu sehemu ndogo ya ule wa dukani.

Ziwa lenyewe lina mashaka gani kwa mwanafunzi?

Muda ulio bora ni asubuhi, tangu kunapopambazuka hadi kama saa nne, kabla upepo wa kutoka ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Alasiri maji huchafuka, wimbi la boti hupotea kati ya mawimbi mengine, na msimu wa mvua radi hujikusanya upesi. Wavuvi wanaujua utaratibu huu kuliko sisi sote, na wavuvi ndio wenye ziwa asubuhi hiyo. Wimbi la weiksafi limekusudiwa kuwa kubwa, na mtumbwi uliobeba nyavu na watu wawili haukukusudiwa kulipokea ubavuni. Kaa mbali nao, mbali na vizimba vya samaki, na angalau mita 60 kutoka ufuoni.

Kina ni jambo jingine. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, na kwenye maji yasiyofika mita tatu wimbi haliumbiki vizuri, tena ukianguka unaweza kukutana na sakafu. Gugumaji nalo hutembea na upepo, kiasi kwamba palipokuwa wazi jana leo pamefungwa, na injini ya ndani hunyonya maji ya ziwa ili ijipooze. Majani na mizizi yakiziba tundu hilo injini hupata moto ndani ya dakika chache, kwa hiyo nahodha atazame kipimo cha joto kuliko anavyokutazama wewe. Viboko wapo Naivasha, wapo hata karibu na Dunga, na hupenda kingo zenye nyasi asubuhi na jioni. Mwulize mvuvi wamelala wapi siku hiyo, naye atakuonyesha kwa kidevu.

Kichocho nacho kipo Ziwa Victoria. Konokono wanaokibeba hukaa hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo pandia boti gatini badala ya kupita majini ukiwa na ubao kichwani, jifute kwa taulo mara utokapo, na mwulize mhudumu wa afya kuhusu kupimwa na dawa ya prazikwanteli. Ziwa Nakuru lenyewe usilifikirie: liko ndani ya hifadhi ya wanyama.

Lazima nijue kuogelea?

Ndiyo. Jaketi okozi huvaliwa hata hivyo, likiwa limebana, na mtu wa pili akae botini akikutazama wewe tu, kwa maana nahodha hutazama mbele.

Mwanangu ana miaka tisa. Nimnunulie ubao wake?

Msubiri. Mtoto mwepesi huelea vizuri juu ya ubao wa mzazi, na uzito wake mdogo hufidia wimbi hafifu. Akianza kulalamika kwamba hawezi kuugeuza, hapo mtafutie wa sentimita 120 hadi 130.

Nitajuaje kwamba nimeuzidi ubao wa kwanza?

Kuna ishara moja isiyodanganya. Katika mchezo huu mguu wa mbele ndio mafuta na wa nyuma ndio breki: ukiegemea mbele ubao hukimbilia boti, ukiegemea nyuma hupungua mwendo. Mwanafunzi hutumia mafuta muda wote, akihofia kuachwa. Ukijikuta unakanyaga breki zaidi ya mafuta, ukizuia ubao usiigonge boti dakika baada ya dakika, na unaweza kwenda dakika tano bila kamba katika safari tatu kati ya nne, ubao wako umekuwa mkubwa kuliko haja yako. Punguza kwa sentimita kumi hivi, si kwa thelathini. Ule wa kwanza usiuuze. Utawafaa wageni, na kila anayekuja kutazama huwa na kilo nyingi kuliko anazozitaja.